Chios: Mastiki, Kuta na Pwani Isiyo na Vijiji

Chios ni kisiwa cha tano kwa ukubwa nchini Ugiriki. Kina eneo la kilomita za mraba 842, na kimekaa ukingoni kabisa mwa Bahari ya Aegean, karibu zaidi na Uturuki kuliko Athens: mlango wa bahari unaokitenga na rasi ya Çeşme hauzidi kilomita 10 pale unapobana. Kaskazini kuna milima ya mawe isiyo na miti mingi, na mlima Pelinaio unapanda hadi karibu mita 1,300. Katikati, upande wa mashariki, kuna mji mkuu na bandari yake, na nyuma ya mji tambarare ya Kampos yenye michungwa na milimau. Kusini ni nchi ya vilima vya chini vyenye ukame. Kusini huko ndiko unakopatikana utomvu uliokipa kisiwa sifa na utajiri, unaoitwa mastiki.

Picha nyingi za visiwa vya Ugiriki huonyesha nyumba nyeupe zilizopangana juu ya maji. Kusini mwa Chios mambo ni kinyume. Fukwe ni nzuri na maji yake ni maangavu, lakini karibu zote hazina kijiji. Watu wanaishi ndani, kilomita kadhaa kutoka baharini, katika vijiji vilivyojengwa kwa kuta nene na vilivyoipa bahari mgongo. Mpango huo una historia ndefu, na asiyeijua atazitazama fukwe hizo bila kuzielewa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Huko Emporios, bandari ndogo ya kusini iliyo chini ya kilima cha volkano cha Psaronas, uchimbaji uliofanywa na Waingereza kuanzia mwaka 1952 ulifukua makazi ya kale sana ya kabla ya historia yaliyokuwa ukingoni mwa maji. Juu yake, kwenye mteremko wa kilima cha Profitis Ilias, yalipatikana mabaki ya mji mdogo wa Wagiriki wa kale wenye hekalu la mungu wa kike Athena. Huko Fana, upande wa kusini-magharibi, hekalu la Apollo lilijengwa karibu na ufuko wenyewe. Watu wa zama hizo hawakuiogopa bahari. Chios ilikuwa mmoja wa miji 12 ya Waionia, na divai yake ilisafirishwa katika mitungi iliyojulikana bandari nyingi. Mwaka 494 kabla ya Kristo, Waionia walipopambana na Waajemi katika vita vya majini vya Lade, Chios peke yake ilipeleka merikebu 100, kama anavyosimulia Herodotos. Mwanahistoria Thukidides anaongeza jambo lisilopaswa kufichwa nyuma ya sifa za divai: hakuna mji wa Ugiriki uliokuwa na watumwa wengi kama Chios, isipokuwa Sparta. Mashamba ya mizabibu yaliyoutajirisha mji yalilimwa kwa mikono yao.

Wakazi wa kisiwa hushikilia pia kwamba Homer alikuwa mtu wa kwao. Miji mingine kadhaa hudai hivyo hivyo, lakini Chios ilikuwa na ukoo wa waimbaji waliojiita wana wa Homer. Katika mji wa Vrontados huonyeshwa mwamba uitwao Daskalopetra, yaani jiwe la mwalimu, ambapo inasemekana mshairi huyo aliwafundisha wanafunzi wake. Wataalamu wa mambo ya kale wanauona mwamba huo kuwa madhabahu ya mungu wa kike Kibele, lakini mapokeo ya wenyeji hayajafutika.

Zama za Bizanti zimeacha jengo moja linalozidi mengine yote. Monasteri ya Nea Moni imejificha milimani katikati ya kisiwa, mahali ambapo, kwa mujibu wa mapokeo, watawa watatu waliikuta ikona ya Bikira Maria juu ya mti wa mhadasi. Kaizari Konstantino wa Tisa Monomakhos aligharimia kanisa lake kuanzia mwaka 1042. Kuba lake linabebwa na umbo la pembe nane, na kuta zake za ndani zilifunikwa kwa mozaiki zenye mandharinyuma ya dhahabu, ambazo ni miongoni mwa kazi bora za karne ya 11 zilizobaki popote. Mwaka 1990 UNESCO iliiingiza Nea Moni katika Orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na monasteri za Daphni na Hosios Loukas za Ugiriki bara.

Bizanti ilipodhoofika, maji ya Aegean yalijaa maharamia, na kisiwa kilichokuwa na bidhaa ya thamani kilikuwa windo la wazi. Mwaka 1346 Wagenoa wakiongozwa na Simone Vignoso waliteka Chios, na utawala ukawa mikononi mwa kampuni ya wafanyabiashara iliyoitwa Maona, ambayo wanachama wake baadaye walichukua jina moja la ukoo, Giustiniani. Kampuni hiyo ilihodhi biashara ya mastiki kwa karne mbili. Mkulima alilazimika kukabidhi mavuno yote, na aliyeiba au kuficha utomvu aliadhibiwa kwa kukatwa sikio, kupigwa chapa ya moto, au kunyongwa kama kiasi kilikuwa kikubwa.

Vijiji vya mastiki vilipata sura yake ya sasa katika zama hizo. Mpango wake unaonekana vizuri kuliko kwingine huko Mesta. Nyumba za pembezoni zimeshikana bila pengo, na kuta zake za nyuma, zilizokuwa hazina madirisha upande wa nje, ndizo ukuta wa kijiji. Milango ya kuingilia ilikuwa michache. Ndani kuna vichochoro vyembamba vinavyopinda na kupita chini ya matao, kiasi kwamba mgeni hupotea mara moja, jambo lililokusudiwa. Mapaa yote ni bapa na yako karibu kimo kimoja, hivyo mtu aliweza kukimbia juu ya nyumba hadi mnara wa katikati, uliokuwa kimbilio la mwisho. Leo mahali pa mnara wa Mesta pamesimama kanisa kubwa la Malaika Mkuu lililojengwa karne ya 19. Minara ya ulinzi ilijengwa pia kandokando ya pwani. Mlinzi alipoona matanga asiyoyajua, aliwasha moto usiku au kufukiza moshi mchana, na ishara ilipita mnara hadi mnara mpaka vijijini. Mingi ya minara hiyo bado inasimama juu ya fukwe, ndiyo alama pekee ya binadamu katika baadhi yake. Ikumbukwe kwamba kuta hizo hizo zilimfaa pia mtawala: kijiji chenye milango michache kinalindwa dhidi ya haramia, na ni rahisi kuhakikisha kwamba utomvu hautoki kwa siri.

Pyrgi ndicho kikubwa kati ya vijiji hivyo, na kinavutia kwa sababu nyingine. Kuta za nyumba zake zimepambwa kuanzia chini hadi juu kwa miraba, pembetatu na duara za kijivu na nyeupe. Fundi hupaka kwanza lipu ya chokaa na mchanga mweusi, juu yake hupaka chokaa nyeupe, kisha kabla haijakauka huchora mistari na kuikwangua kwa uma hadi rangi ya chini itokeze. Mwishoni mwa kiangazi vishada vya nyanya ndogo hutundikwa kwenye roshani ili zikauke, na wekundu wake huongeza uhai katika kuta hizo. Karibu na uwanja wa kijiji kuna kanisa dogo la Mitume Watakatifu, lililojengwa kwa kuiga Nea Moni, lenye michoro ya ukutani ya mwaka 1665.

Mti wa mastiki wenyewe ni mfupi, wenye shina lililopinda na matawi yaliyotandaa. Jamii yake inaota pande zote za Bahari ya Mediterania, lakini ni kusini mwa Chios tu ambako utomvu wake huvunwa kwa biashara namna hii. Kazi huanza mwanzoni mwa kiangazi. Mkulima hufagia na kusawazisha ardhi chini ya mti, kisha hutandaza udongo mweupe wa chokaa uliopepetwa. Kuanzia Julai huchanja gamba kwa chuma kidogo chenye ncha, machanjo mafupi yasiyoumiza mti. Utomvu hutoka kama machozi, hudondoka juu ya udongo mweupe na huachwa wiki mbili hivi ugande, kisha huokotwa asubuhi kabla jua halijaulainisha. Mapokeo ya Kikristo ya kisiwa yanasema miti ilianza kulia baada ya Mtakatifu Isidoros kuuawa kwa ajili ya imani yake katika karne ya tatu. Kusafisha ndiko kunakochukua muda zaidi: majira ya baridi wanawake hukaa pamoja wakikwangua kila punje kwa kisu kuondoa udongo. Mti mmoja hautoi hata nusu kilo kwa mwaka. Mavuno hutafunwa, hutiwa katika mikate, vitamutamu na pombe, huchomwa kama ubani, na hutumika katika dawa na vanishi.

Waosmani walikitwaa kisiwa mwaka 1566 bila mapigano makubwa. Vijiji vya mastiki vilipewa haki ya kujitawala na nafuu katika kodi, kwa sharti kwamba utomvu uende kwenye kasri la Sultani. Mjini, familia za wafanyabiashara zilistawi, zikajenga majumba ya mawe mekundu ndani ya bustani za Kampos, na mwishoni mwa karne ya 18 kukaanzishwa shule na maktaba ambayo leo ina jina la msomi Adamantios Korais.

Neema hiyo iliangamia mwaka 1822. Mwezi Machi, wapiganaji kutoka kisiwa jirani cha Samos walitua Chios kuwasha uasi ambao viongozi wengi wa kisiwa hawakuutaka. Mwezi Aprili meli za Waosmani chini ya Kara Ali ziliwasili, na mauaji yakaanza. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa na wengine makumi ya maelfu wakauzwa utumwani katika masoko ya Smyrna, Konstantinopoli na kwingineko. Mtoto mmoja aliyechukuliwa hivyo, Mustapha Khaznadar, alikuja kuwa waziri mkuu wa Tunisia. Waliokimbilia Nea Moni waliuawa humo, na mifupa yao ingali katika kikanisa cha monasteri. Anavatos, kijiji kilichojengwa juu ya jabali, kinakumbukwa kwa watu waliojitupa bondeni wasikamatwe. Magofu yake karibu hayana wakazi. Vijiji vya mastiki viliachwa mwanzoni kwa sababu ya faida yake, lakini baada ya baharia Mgiriki Konstantinos Kanaris kuiteketeza meli kuu ya Kara Ali mwezi Juni, navyo vilipata adhabu. Ulaya ilizitambua habari hizo kwa nguvu zaidi kupitia mchoro wa Eugène Delacroix wa mwaka 1824, ulioko Louvre.

Baada ya hapo misiba ilifuatana. Baridi kali ya mwaka 1850 iliua michungwa ya Kampos. Mwaka 1881 tetemeko la ardhi liliua maelfu na kuangusha kuba la Nea Moni. Walionusurika walitawanyika, na koo za Chios na visiwa vya karibu vya Oinousses zikawa na nafasi kubwa katika biashara ya meli duniani. Mwaka 1912 jeshi la Ugiriki lilitua, na kisiwa kikaungana na Ugiriki. Miaka 10 baadaye wakimbizi kutoka Asia Ndogo walivuka mlango wa bahari kwa maelfu. Wakati wa uvamizi wa Wajerumani, kuanzia mwaka 1941, safari iligeuka: wenyeji wenye njaa walivuka kwenda Uturuki, wakapelekwa kambi za Mashariki ya Kati, na baadhi ya wakimbizi wa Kigiriki walifika hadi Kongo ya Kibelgiji.

Wakulima walianzisha chama chao cha ushirika mwaka 1938. Jina la mastiki ya Chios limelindwa na sheria za Umoja wa Ulaya tangu 1997, ujuzi wa kuilima ukaingizwa na UNESCO katika urithi usioshikika mwaka 2014, na mwaka 2015 wakala wa dawa wa Ulaya uliitambua kuwa dawa ya asili kwa matatizo madogo ya tumbo na ya ngozi. Makumbusho ya mastiki yalifunguliwa karibu na Pyrgi mwaka 2016. Katikati ya habari hizo njema, moto wa Agosti 2012 uliteketeza sehemu kubwa ya miti, na mti mpya huhitaji miaka mitano hivi kabla ya kuanza kutoa utomvu.

Fukwe, kwa upande wake, zimeanza kupata watu. Karfas, ufuko wa mchanga karibu na mji mkuu, una hoteli nyingi. Managros, chini ya ngome ya Volissos, na Elinta, upande wa magharibi, bado ni kimya. Unaojulikana zaidi ni Mavra Volia, karibu na Emporios, wenye kokoto nyeusi laini zilizotokana na volkano ya Psaronas. Kuzichukua kokoto hizo kumekatazwa, kwa kuwa bahari haizalishi nyingine kwa kasi ya wageni. Kijiji cha karibu chenye ukubwa wowote bado ni Pyrgi, kilomita kadhaa ndani, na katika miezi ya mavuno wenye miti hutangulia shambani alfajiri ndipo washuke ufukweni.