Asilimia Tano ya Jaji Bomani

Waulize vijana wa Kahama nani aliibadilisha sheria ya madini, wengi watakutajia mwaka 2017: makontena ya makinikia yaliyozuiwa bandarini, kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro, na miswada iliyopitishwa bungeni kwa haraka. Jina la Mark Bomani hulisikii. Hapa Nyasubi, mwendo mfupi tu kutoka lilipo shimo la Buzwagi, nadhani tuna deni la kumjua mwanasheria huyu, hata kama sehemu ya kazi yake inatukera.

Alikuwa mdogo wake Paul Bomani, yule aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa katika ushirika kabla ya uhuru, kisha akawa Waziri wa Fedha. Paul alijulikana majukwaani, Mark alikuwa mtu wa mafaili. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa Mwingereza, Roland Brown, na ndiye aliyeandika rasimu ya Hati za Muungano mwaka 1964. Mwaka 1965 kiti hicho kilikaliwa na Mtanzania kwa mara ya kwanza. Bomani alikikalia hadi 1976.

Itazame miaka hiyo. Katiba ya muda ya chama kimoja ni ya 1965. Azimio la Arusha ni la 1967, na mabenki yakataifishwa mara tu baada yake. Mwaka 1971 ikaja zamu ya majumba ya kupangisha. Azimio ni maneno ya siasa tu mpaka mtu akae chini aandike vifungu, na vifungu vilipita katika ofisi yake. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, ya 1962, aliikuta, na ilibaki ikitumika muda wote alipokuwa ofisini. Sioni sababu ya kumsafisha kwa hilo.

Halafu kuna Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwa wakati wake ilikuwa na ujasiri: ndoa za dini zote na za kimila ziliwekwa chini ya sheria moja, na kifungu cha 66 kikakataza mwenzi kumpiga mwenzake. Lakini kifungu cha 13 kiliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, mvulana asubiri hadi 18. Katika mkoa wetu wa Shinyanga, ambako ng'ombe wa mahari bado wana sauti kubwa kuliko cheti cha shule, kifungu hicho kimekuwa kichaka cha kujificha. Rebeca Gyumi alikipinga mahakamani na kushinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tena Oktoba 2019. Aliyekata rufaa, kwa cheo, ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Baada ya 1976 Bomani alikwenda Umoja wa Mataifa kushughulikia sheria katika suala la uhuru wa Namibia. Kabla hajafika, Baraza la Umoja wa Mataifa la Namibia lilikuwa limetoa Amri Na. 1 ya mwaka 1974, iliyokataza mtu yeyote kuchimba mali ya ardhi ya Namibia bila ridhaa ya Baraza hilo. Kampuni ziliendelea kuchimba urani kana kwamba amri haipo. Mtu aliyekaa miaka kadhaa karibu na kesi ya namna hiyo anajua vizuri umbali uliopo kati ya karatasi na shimo. Baadaye alimsaidia Nyerere, kisha Mandela, katika mazungumzo ya Burundi yaliyozaa mkataba wa Arusha wa Agosti 2000.

Februari 2007 mkataba wa Buzwagi ulisainiwa katika hoteli moja ya London. Agosti mwaka huo Zitto Kabwe alihoji bungeni kwa nini London, akasimamishwa ubunge kwa muda. Nchi ikachemka. Novemba, Rais Kikwete akaunda kamati, mwenyekiti Jaji Bomani, na Zitto mwenyewe akawekwa ndani. Kamati za Mboma, Kipokola na Masha zilikuwa zimeshapita. Watu walikuwa na haki ya kuguna.

Ripoti ya 2008 ilisema mrabaha wa dhahabu upande kutoka asilimia 3 hadi 5. Watu walishika namba, ila jambo zito zaidi lilikuwa asilimia ya nini. Chini ya Sheria ya Madini ya 1998, kampuni ilitoa kwanza gharama za usafirishaji na usafishaji, ndipo asilimia 3 ikahesabiwa kwenye kilichobaki. Kamati ikataka ihesabiwe kwenye thamani ghafi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye mgawo pale karashani anauelewa ugomvi huo bila kusoma sheria: gharama zinatolewa kabla ya kugawana au baada? Aliyeshika kalamu ya gharama ndiye aliyeshika mfuko.

Sheria ya 2010 ilikubali thamani ghafi, lakini kiwango kikaishia asilimia 4. Na hata hapo, migodi ya zamani ilikuwa na mikataba iliyoikinga dhidi ya sheria mpya; wenye Bulyanhulu na Buzwagi walikubali kulipa asilimia 4 mwaka 2012. Mabadiliko ya 2017 yalipandisha kiwango hadi 6, juu ya msingi uleule wa thamani ghafi. Ile 5 ya Bomani haikuwahi kuwa kiwango cha dhahabu katika sheria yoyote: tulitoka 3, tukaenda 4, tukaruka hadi 6.

Bomani alifariki Septemba 2020. Mwaka uliofuata Buzwagi iliacha kuzalisha dhahabu.