Kompyuta ya michezo ya bei ya kati

Kompyuta ya michezo ya bei ya kati ni kompyuta ya mezani inayokusanywa kwa ajili ya kuchezea michezo ya video kwa ubora mzuri, bila kutumia vipuri vya bei ya juu kabisa. Kwa kawaida inalenga kuonyesha michezo mipya kwenye skrini ya pikseli 1920 × 1080 au 2560 × 1440, kwa kasi ya fremu 60 au zaidi kila sekunde. Katika soko la Marekani, ambalo bei zake hutumiwa na wengi kama kipimo, kompyuta za kundi hili kwa miaka kadhaa mara nyingi ziligharimu dola 700 hadi 1,000 bila kuhesabu skrini. Katika nchi nyingine bei hutegemea pia usafirishaji, ushuru na thamani ya fedha.

Mtu mwenye bajeti kubwa anaweza kuficha kosa la uteuzi kwa kununua kipuri chenye nguvu kupita mahitaji. Mwenye bajeti ya kati hana nafasi hiyo, kwa sababu pesa iliyoongezwa kwenye kipuri kimoja imepunguzwa kutoka kipuri kingine. Kwa hiyo jambo kuu katika uteuzi ni uwiano: kipuri kimoja dhaifu huchelewesha vingine vyote, na kipuri kimoja kibovu kinaweza kuviharibu.

Historia

Uwezekano wa mtu kujikusanyia kompyuta ulitokana na IBM PC ya mwaka 1981. Kompyuta hiyo iliundwa kwa vipuri vya viwanda mbalimbali, na baada ya muda mfupi makampuni mengine yalianza kutengeneza kompyuta na vipuri vinavyooana nayo. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kiwango cha ATX, kinachoeleza vipimo vya ubao mama, mahali pa matundu ya skrubu na namna umeme unavyofika kwenye ubao huo. Kiwango hicho, pamoja na marekebisho yake, bado kinatumika. Ndiyo sababu ubao mama wa kampuni moja unaingia katika kasha la kampuni nyingine.

Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilitoa Voodoo, kadi iliyoipunguzia prosesa kazi ya kuchora picha za pande tatu. Mwaka 1999 Nvidia ilitoa GeForce 256. Tangu miaka hiyo kadi ya michoro imekuwa kipuri kinachoamua zaidi uwezo wa kompyuta ya michezo.

Skrini na aina ya michezo

Uteuzi huanza na skrini, kwa kuwa ndiyo inayoamua wingi wa kazi. Skrini ya 1920 × 1080 ina pikseli 2,073,600. Ile ya 2560 × 1440 ina pikseli 3,686,400, yaani karibu mara 1.8, na ile ya 3840 × 2160 ina pikseli 8,294,400, yaani mara 4 kamili. Kadi inayotosha kwa skrini ya kwanza inaweza kulemewa kabisa na ya tatu.

Kasi ya skrini nayo huhesabiwa. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hivyo kompyuta ina takriban milisekunde 16.7 za kuandaa kila fremu. Kwa skrini ya hezi 144 muda huo hupungua hadi milisekunde 6.9.

Michezo pia hutofautiana. Counter-Strike 2 huchezwa kwa fremu nyingi sana kila sekunde, hivyo huhitaji prosesa yenye kasi. Cyberpunk 2077 ina picha nzito na huilemea zaidi kadi ya michoro. Michezo ya kujenga miji, kama Cities: Skylines, hukokotoa mambo mengi kwa wakati mmoja na hutegemea sana prosesa na kumbukumbu.

Kadi ya michoro

Kadi ya michoro huchora kila fremu inayoonekana kwenye skrini. Katika kompyuta ya bei ya kati mara nyingi huchukua theluthi moja hadi nusu ya bajeti yote. Mifano ya kundi hili ni Nvidia GeForce RTX 3060 (2021), AMD Radeon RX 6600 (2021) na Nvidia GeForce RTX 4060 (2023). Bei za kuanzia zilizotangazwa kwa kadi mbili za mwisho zilikuwa dola 329 na dola 299.

Pamoja na kasi, kumbukumbu ya kadi ni muhimu. Humo huhifadhiwa picha za nyuso za vitu vinavyoonekana mchezoni. Ikijaa, mchezo huanza kukwamakwama hata kama kadi yenyewe ina kasi. RX 6600 ina GB 8, na RTX 3060 ya kawaida ina GB 12. Kwa michezo mipya GB 8 huchukuliwa kuwa kiwango cha chini kwa mtu anayenunua kadi ya kutumia miaka kadhaa.

Umri wa kadi unaweza kuwa kikwazo kwa namna nyingine. Mchezo wa Indiana Jones and the Great Circle, uliotolewa Desemba 2024, unahitaji kadi yenye vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga. Kadi isiyo navyo, kama GTX 1080 Ti iliyokuwa ya bei ya juu mwaka 2017, haikidhi mahitaji hayo ingawa bado ina kasi.

Prosesa na ubao mama

Prosesa huendesha kanuni za mchezo, mienendo ya wahusika na mawasiliano ya mtandao, kisha huipa kadi maagizo ya kuchora. Kwa bei ya kati prosesa yenye viini 6 na nyuzi 12 hutosha kwa michezo mingi. Mifano ni AMD Ryzen 5 5600 na Intel Core i5-12400F, zote mbili za mwaka 2022.

Prosesa na ubao mama lazima viwe vya soketi moja. Ryzen 5 5600 hutumia soketi ya AM4, na Core i5-12400F hutumia LGA 1700. Hata hivyo soketi peke yake haitoshi. Ubao wa AM4 wenye chipu za B450 ulitoka mwaka 2018, kabla ya Ryzen za familia ya 5000. Ukiwa umekaa dukani muda mrefu bila BIOS yake kusasishwa, prosesa itaingia vizuri kwenye soketi lakini kompyuta haitawaka.

Herufi zilizo mwishoni mwa jina la prosesa zina maana. Herufi F ya Intel huonyesha kwamba prosesa haina sehemu ya michoro ndani yake. Ryzen 5 5600 nayo haina. Kompyuta yenye prosesa hizo haitoi picha yoyote bila kadi ya michoro.

Kumbukumbu na hifadhi

RAM ya GB 16 ndiyo kiwango cha kawaida cha kundi hili. Vipande viwili vya GB 8 huwa bora kuliko kimoja cha GB 16, kwa kuwa prosesa husoma njia mbili kwa pamoja. DDR4 na DDR5 haziingiliani, kwani mkato wa kila aina uko mahali tofauti. Kwa hiyo ubao mama huamua aina ya kununua.

Kwa hifadhi, diski ya SSD imechukua nafasi ya diski kuu ya kuzunguka. SSD inayotumia waya wa SATA husoma takriban MB 550 kwa sekunde. Ile ya NVMe, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, inaweza kusoma MB 3,000 au zaidi. Tofauti hiyo hupunguza muda wa kusubiri mchezo ufunguke, lakini kwa kawaida haiongezi fremu. Kwa sababu baadhi ya michezo hupita GB 100, ukubwa wa terabaiti 1 hupendekezwa.

Pawa saplai

Pawa saplai hubadilisha umeme wa ukutani kuwa umeme wa volti ndogo unaotumiwa na vipuri. Haiongezi hata fremu moja, na kwa sababu hiyo ndipo wanunuzi wengi hubana matumizi. Lakini imeunganishwa na kila kipuri: ikiharibika bila kinga, inaweza kuunguza ubao mama, kadi na diski kwa pamoja.

RX 6600 imepangiwa wati 132 na Ryzen 5 5600 wati 65. Baada ya kuongeza vipuri vingine na akiba ya vilele vya matumizi, pawa saplai nzuri ya wati 500 hadi 550 hutosha. Alama ya 80 PLUS huonyesha ni sehemu gani ya umeme haipotei kama joto. Haithibitishi kwamba kifaa kina kinga dhidi ya shoti au volti kupanda, hivyo maelezo ya kinga husomwa pekee.

Baadhi ya pawa saplai za bei nafuu zina swichi nyuma ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wa majumbani ni volti 240 nchini Kenya na volti 230 nchini Tanzania. Kifaa kilichoachwa kwenye 115 kinaweza kuungua mara tu kinapowashwa. Mahali ambapo umeme hukatika au kuyumba, UPS humpa mtumiaji muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Uwezo wa UPS husomwa kwa wati, kwani namba ya VA huwa kubwa kuliko wati zake.

Kasha na upoozaji

Kipuri kinapopata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi ili kisiharibike. Kwa hiyo kasha lenye matundu ya wavu mbele na angalau feni mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kuitoa, hulinda thamani ya vipuri vyote. Jambo hili lina uzito zaidi katika miji ya joto kama Mombasa na Dar es Salaam. Vumbi huziba njia za hewa, na husafishwa kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa. Kabla ya kununua kasha hupimwa urefu wa kadi ya michoro na kimo cha kipoza joto cha prosesa.

Vipuri vilivyotumika

Vipuri vilivyotumika vinaweza kupunguza gharama sana. Mnamo Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutumia kadi za michoro kuchimba sarafu yake, na kadi nyingi zilizokuwa katika kazi hiyo ziliingia sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zinaweza kuwa zimechoka. Kwa hiyo hujaribiwa kwa kuchezea mchezo mzito kwa angalau nusu saa kabla ya kulipa.

Katika Afrika Mashariki wengi huanza na kompyuta ya ofisini iliyotumika, kisha huongeza kadi ya michoro. Njia hii ina mipaka. Kompyuta nyingi za aina hiyo zina pawa saplai ndogo ya umbo la kiwanda chake, isiyo na waya wa kadi, na kasha jembamba. Zinafaa kwa kadi kama GTX 1650 zisizohitaji waya huo, kwa kuwa mwanya wa ubao mama unaruhusiwa kutoa hadi wati 75 kwa kadi. Pia Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel prosesa nyingi zilizotangulia kizazi cha 8 hazikubaliki rasmi katika Windows 11.

Makosa baada ya kukusanya

Kompyuta iliyochaguliwa vizuri inaweza kuonekana dhaifu kwa sababu ya mambo madogo. Waya wa skrini huchomekwa kwenye kadi ya michoro, si kwenye ubao mama. RAM nyingi huanza kwa kasi ya chini mpaka kasi yake iliyotangazwa iwashwe katika BIOS. Skrini ya hezi 144 inaweza kubaki kwenye hezi 60 mpaka ibadilishwe katika mipangilio ya Windows. Marekebisho haya matatu hayagharimu chochote, na hufanywa kabla ya kuamua kwamba kipuri fulani hakifai.