Daraja Lisilovusha: Matao Manne ya Avignon

Tumezoea kusema kuwa daraja ni la kuvukia. Katika mji wa Avignon, kusini mwa Ufaransa, lipo daraja la mawe lisilomvusha mtu. Linaanzia penye ukuta wa mji, linaingia mto Rhône kwa matao manne, kisha linakatika ghafla juu ya maji. Nilitembea hadi ncha yake. Mbele yangu hapakuwa na kitu ila upepo na mto.

Ujenzi ulianza mwaka 1177. Masimulizi yanamtaja mchungaji kijana, Bénézet, aliyesema ameamriwa na sauti ya mbinguni ajenge daraja, akabeba jiwe kubwa peke yake mbele ya waliomcheka. Mwaka 1226 mfalme Louis wa Nane aliuzingira mji, na daraja likabomolewa. Likajengwa upya, likawa na matao 22 na urefu wa mita zipatazo 900. Lakini mto haukuchoka: mafuriko yalichukua matao, watu wakayarudisha; hata katika karne ya 17 wakakata tamaa, wakaliacha.

Kilichobaki ni matao hayo manne, kanisa dogo la Mtakatifu Nikolasi juu ya nguzo, na wimbo. Wimbo huo wa watoto, uliovuma zaidi katika karne ya 19, husimulia watu wanaocheza kwa duara darajani. Upana wa daraja ni kama mita nne tu. Ndiyo maana wapo wasemao kuwa watu walicheza chini ya matao, wala si juu. Wimbo haukujali. Jiwe lilishindwa kuvuka, neno likavuka.

Hapo nikakumbuka maneno yetu. Wahenga waliuita mti uliolazwa juu ya kijito "ulalo". "Daraja" tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao ni kipandio au cheo. La kuvukia huliita jisri. Sisi tulikihifadhi cheo, tukaongeza mto. Na "ulalo" je, ni wangapi kati yetu wanaolitamka leo?

Avignon haikupoteza daraja lake kwa mafuriko. Ililipoteza siku watu walipoacha kurudisha tao lililoanguka. Wimbo umedumu kwa kuwa kila kizazi kiliuimba tena.