Pembe, Chura na Miwa: Viumbe Walio Hatarini na Mipango ya Maendeleo

Mji wa Bagamoyo, ambao Dunda ni sehemu yake, ulikuwa katika karne ya 19 mlango mkuu wa biashara ya pembe za ndovu kwenye pwani inayokabili Unguja. Misafara iliyotoka Ujiji na Unyanyembe ilifika hapa baada ya mwendo wa miezi mingi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitua mizigo yao, na pembe zikavushwa kwa majahazi. Kila jozi ya pembe ilikuwa ndovu mmoja aliyekwisha kuuawa. Kadiri ndovu walivyopungua karibu na pwani, ndivyo misafara ilivyolazimika kwenda mbali zaidi, hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mwanafunzi anayedhani kwamba kutoweka kwa wanyama ni jambo la juzi na aanze na historia ya mji huu.

Miongoni mwa sheria za mwanzo za kulinda wanyama katika nchi yetu ni ile iliyotolewa mwaka 1896 na gavana Hermann von Wissmann, yule yule aliyefika Bagamoyo mwaka 1889 kuuvunja upinzani wa Abushiri bin Salim. Uwindaji ukawa wa kibali, na maeneo fulani yakatengwa. Mwenyeji aliyewinda kama walivyowinda babu zake akajikuta ni mhalifu. Hayo yanajulikana. Ninalotaka kulitilia mkazo ni kwamba sheria hiyo, pamoja na nyingi zilizoifuata, ilimtambua adui mmoja tu wa mnyama, naye ni mwindaji. Na mnyama aliyelindwa aghalabu alikuwa yule mwenye pembe, ngozi au umbo la kumvutia mgeni.

Mnamo Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa mjini Arusha tamko la kuahidi kuwatunza wanyamapori. (Tamko hilo lisichanganywe na Azimio la Arusha la mwaka 1967, kama wanafunzi wafanyavyo mara kwa mara.) Hifadhi zikaongezeka. Lakini taifa changa lilihitaji pia umeme, sukari na barabara, na hapo akajitokeza adui wa pili wa viumbe, asiyeshika bunduki wala mtego.

Tulimwona waziwazi mbali na pwani, katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa. Katika miaka ya 1990 lilijengwa huko bwawa la kuzalisha umeme wa megawati 180. Maji yalikusudiwa kuchukuliwa juu ya maporomoko na kupitishwa katika handaki hadi kwenye mitambo. Ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza wakati wataalamu, mwaka 1996, walipomkuta chini ya maporomoko chura wa rangi ya manjano, asiyefikia urefu wa sentimita 3, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto wake wakiwa hai. Makao yake yalikuwa hektari chache tu zilizoloweshwa usiku na mchana na manyunyu ya maporomoko. Hakuonekana mahali pengine popote duniani.

Mitambo ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ya mto iliondoka na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Bronx. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji mahali pa yale ya asili. Kwa muda vyura waliongezeka, kisha mwaka 2003 wakafa kwa wingi, na ugonjwa wa kuvu ukahusishwa na vifo hivyo. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Vizazi vya wale waliopelekwa ng'ambo vilirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 baadhi yao wakaachiwa tena korongoni.

Wako waliocheka wakauliza: chura na umeme wa taifa, bora kipi? Ndugu msomaji, swali hilo ni la mtu aliyechelewa. Kama chura angalijulikana wakati mradi ungali mistari juu ya karatasi, kiasi cha maji ya kubaki mtoni kingalipimwa na kuingizwa katika gharama, sawa na saruji na nyaya. Zege likishakauka, kila lita inayoachiwa mto huhesabiwa kuwa hasara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari ifanywe kabla mradi haujaanza.

Turudi Bagamoyo. Kaskazini ya mji, mto Wami huingia baharini kati ya mikoko na viboko, na hapo ipo Saadani, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Ndovu huzunguka huko, na katika ufuko wa Madete kasa hupanda mchangani usiku kutaga mayai. Jirani na hifadhi hiyo, katika ardhi ya iliyokuwa ranchi ya Razaba, ulipangwa mradi mkubwa wa miwa. Mwaka 2016 Serikali iliusitisha, ikitaja wanyama wa Saadani na maji ya Wami. Baadhi ya wananchi walishukuru. Wengine, waliotarajia ajira, walinung'unika, na sioni haki ya kuwalaumu, maana njaa ya kazi Bagamoyo si hadithi. Lakini Saadani na Wami vilikuwapo tangu siku ya kwanza ya mpango, na miaka ya maandalizi pamoja na fedha nyingi vilikuwa vimekwisha kutumika kabla ya neno hilo kusemwa. Baadaye sehemu ya ardhi ile ile ilipewa mwekezaji mwingine, ikapandwa miwa, na kiwanda cha sukari kikajengwa.