Tovuti ya biashara ndogo

Tovuti ya biashara ndogo ni kurasa chache za intaneti ambazo mwenye duka, nyumba ya wageni, karakana au kikundi cha ushirika hutumia kueleza anachouza, mahali alipo na jinsi ya kumpata. Inatofautiana na akaunti ya mitandao ya kijamii kwa jambo moja kubwa: mwenye biashara huwa na jina lake la kikoa, na kwa jina hilo anaweza kuhamisha kurasa zake kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila wateja kubadilishiwa anwani. Makala hii inaeleza hatua za kuanzisha tovuti ya namna hiyo nchini Tanzania, kwa mfano wa nyumba ya wageni katika mji wa Mugumu.

Mazingira ya Mugumu

Mugumu ni makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mabasi yanayotoka Arusha kwenda Musoma kupitia hifadhini hufika mjini hapo. Hata hivyo watalii wengi huingia hifadhini kwa njia ya Arusha na Ngorongoro, wakiwa wamekwisha kulipia malazi kabla ya kuondoka kwao. Nyumbu huvuka mto Mara hasa kati ya Julai na Oktoba, na wageni wa msimu huo huanza kutafuta vyumba miezi mingi kabla. Nyumba ya wageni isiyoonekana mtandaoni haimo katika hesabu zao, hata kama iko karibu na lango la hifadhi na bei yake ni nafuu.

Wapo pia wateja wa karibu: watumishi wa serikali walio safarini, wafanyabiashara wa Musoma, Mwanza na Tarime, na jamaa wanaokuja harusini au msibani. Hawa hutaka maelezo ya Kiswahili na namba ya kupiga. Kwa hiyo tovuti ya Mugumu inahitaji lugha mbili, na Kiswahili chake kiandikwe na mtu, si kuachiwa programu ya kutafsiri.

Historia kwa ufupi

Wavuti ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyewasilisha pendekezo lake mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliruhusu teknolojia hiyo itumiwe na yeyote bila malipo. Nchini Tanzania intaneti ilitegemea setilaiti na ilikuwa ghali hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatiwa na EASSy mwaka 2010. Leo watu wengi huifikia wavuti kwa simu, na jambo hilo ndilo linaloamua umbo la tovuti yenyewe.

Jina la kikoa

Jina la kikoa ni anwani inayoandikwa kwenye kivinjari. Kompyuta hutambuana kwa namba. Mfumo wa majina hugeuza jina lililoandikwa kuwa namba ya seva ambako kurasa zimehifadhiwa. Majina ya Tanzania huishia na .tz. Kituo cha kuyasajili, tzNIC, kiliundwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na umoja wa watoa huduma za intaneti. Biashara hutumia .co.tz, asasi .or.tz, shule .sc.tz, taasisi za serikali .go.tz, na ipo .hotel.tz kwa ajili ya nyumba za kulala wageni. Mwombaji huenda kwa mmoja wa wasajili walioidhinishwa, huangalia kama jina halijachukuliwa, kisha hulipa ada inayohuishwa kila mwaka au kwa miaka kadhaa kwa pamoja.

Jina fupi linalotamkika hufaa zaidi. Mteja atakayelisikia kwa simu, basi likinguruma, aweze kuliandika bila kuuliza mara tatu. Neno «Serengeti» linatumiwa na kampuni nyingi sana duniani. Nyumba ya wageni itajitenga nazo vizuri zaidi kwa kuunganisha jina lake na Mugumu. Ni vema pia jina lifanane na lile lililosajiliwa BRELA, ili risiti, leseni na tovuti visipishane.

Suala linalosahaulika ni jina limeandikishwa kwa nani. Mara nyingi mwenye biashara humwachia kazi yote kijana anayejua kompyuta, naye, bila nia mbaya, huandikisha jina kwa barua pepe yake na kulipa kwa simu yake. Mwaka unapita. Kijana amehamia mjini au amebadilisha namba, na ujumbe wa kukumbusha ada unakwenda kwake. Ada isipolipwa tovuti huzimika, na muda wa nyongeza ukiisha jina hurudi sokoni, ambako yeyote anaweza kulichukua. Likichukuliwa, kibao cha barabarani, kadi na maelezo yaliyokwisha kusambaa humpelekea mtu mwingine wateja. Kuthibitisha kwamba jina lilikuwa lako, wakati kumbukumbu za msajili zinaonyesha mtu mwingine, ni kazi ndefu.

Dawa yake haina ufundi. Mwenye biashara afungue barua pepe ya biashara, aitumie kuandikisha jina, na aweke nywila yake mwenyewe kwenye daftari lililofungiwa pamoja na leseni. Fundi apewe ruhusa ya kufanya kazi, lakini umiliki ubaki kwa mwenye nyumba.

Kuhifadhi na kutengeneza kurasa

Baada ya jina, panahitajika nafasi kwenye seva, ambayo hukodishwa kwa mwezi au mwaka. Mara nyingi msajili huyohuyo hukodisha nafasi hiyo, ingawa si lazima kununua vyote mahali pamoja. Kurasa huweza kuandikwa moja kwa moja kwa lugha ya HTML, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kujifunza misingi yake, au kutengenezwa kwa programu huria kama WordPress, iliyoanza mwaka 2003. WordPress ni rahisi kuanza nayo, lakini inadai kusasishwa mara kwa mara. Ikiachwa miaka miwili huwa mlango wazi kwa wadukuzi. Kwa ukurasa mmoja wenye bei na namba ya simu, HTML tupu inatosha na haichakai.

Cheti cha usalama, kinachofanya anwani ianze na https, hakipaswi kuwa gharama kubwa. Tangu mwaka 2015 taasisi ya Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure.

Yaliyomo

Mgeni hutafuta vitu vichache: bei, picha halisi ya chumba, maji ya moto, maegesho, umbali na namna ya kufika. Bei iwe na tarehe. Namba ya simu iandikwe kwa kuanzia na +255, kwa sababu mgeni aliyeko Ujerumani akipiga 07 hatampata mtu. Kiungo cha WhatsApp kinachoanza na wa.me/255 humwezesha kuandika ujumbe bila kuhifadhi namba. Palipo na malipo ya awali kwa simu, itajwe pia jina litakalotokea kwenye skrini wakati wa kulipa, maana matapeli huiga tovuti na kubadilisha namba tu.

Picha zinahitaji kupunguzwa uzito. Picha kumi za simu zenye megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 40 za bando la mteja; zikipunguzwa hadi kilobaiti 150 kila moja, zote kumi ni megabaiti moja na nusu, na kwenye kioo cha simu tofauti haionekani.

Sheria

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, ambazo nafasi yake ilichukuliwa na kanuni za mwaka 2020, ziliweka leseni ya TCRA kwa blogu, redio na televisheni za mtandaoni. Kutangaza vyumba na bei si sawa na kuendesha chombo cha habari. Mwenye nyumba anayetaka kuongeza habari za wilaya kwenye tovuti yake aulize kwanza TCRA.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawagusa wengi zaidi. Inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wazitumie kwa kusudi lililotajwa tu. Fomu ya kuhifadhi chumba ikiomba jina, simu na tarehe ya kufika inatosha. Picha ya pasipoti haina haja ya kukaa kwenye seva. Mgeni ataionyesha mapokezi akifika.