Jicho Hewa: Kutoka Philadelphia hadi Kamachumu

Julai 1866 jarida la The Atlantic Monthly la Marekani lilichapisha hadithi isiyo na jina la mwandishi. Ilimhusu George Dedlow, daktari aliyekwenda vitani akarudi bila mikono wala miguu. Viungo vimekatwa lakini bado anavisikia. Mwishoni anapelekwa kwenye kikao cha kuita mizimu, na wanaokuja si mababu bali miguu yake miwili, iliyokuwa imehifadhiwa kwenye spiriti katika makumbusho ya jeshi. Anainuka, anatembea hatua chache. Mwandishi alitaka tucheke kidogo. Wasomaji hawakucheka. Waliamini, na wengine wakachanga pesa za kumsaidia Dedlow, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Aliyeiandika ni Silas Weir Mitchell, daktari wa neva wa Philadelphia aliyewatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1871, safari hii kwa jina lake, akaipa hali hiyo jina linalotumika hadi leo: kiungo mzuka. Mfaransa Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa karne ya 16, alishaieleza zamani, lakini ilibidi ije hadithi ndipo watu wa kawaida washtuke. Hili huwa nalisema kila nikisikia mtu anabeza fasihi.

Kwetu kuna neno linalofaa kuliko mzuka, na tumelipata serikalini. Mnakumbuka msako wa watumishi hewa wa 2016? Mtu hayupo ofisini, pengine yuko kaburini, lakini mshahara unatoka kila mwezi. Ubongo hufanya vivyo hivyo. Jicho limetolewa, limekwenda, ila lile eneo la kisogoni linalopokea habari za macho halijafuta jina lake. Ndiyo maana mimi naliita jicho hewa.

Sasa, kwa nini Kagera?

Mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, Muleba, waligunduliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha miaka minne tu nyuma, biashara ya mpakani na Uganda ilikuwa imechangamka, na watu wakauita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Habari za mayatima na migomba iliyobaki bila mwenyewe zimeandikwa sana. Macho hayakuandikwa.

Virusi vile vilikuja na saratani zake. Mojawapo hushambulia ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Madaktari wa Kampala waliiona ikiongezeka, na mwaka 1995 walichapisha katika jarida la The Lancet utafiti uliohusisha saratani hiyo na VVU. Mshirika wake wa pili ni jua. Bukoba iko chini ya digrii 2 kusini mwa Ikweta, na kwa mvuvi au mkulima anayeshinda nje hakuna pa kulikwepa. Huanza kama kijinyama pembeni mwa kioo cha jicho. Wengi wana vijinyama visivyo na madhara, kwa hiyo mtu ananunua dawa ya matone dukani, anasubiri. Kikikatwa mapema, jicho hupona. Kikichelewa, jicho linatolewa, na wakati mwingine na kope zake. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure Tanzania mwaka 2004. Piga hesabu mwenyewe, kutoka 1983.

Na si watu wazima tu. Ukivuka Mutukula, njia inakufikisha Kampala, Hospitali ya Mulago, alikofanya kazi Denis Burkitt. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, uvimbe ambao mara nyingi husukuma jicho nje ya tundu lake. Leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari wiki kumi hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakiuliza kama uvimbe huo umeonekana. Na Burkitt mwenyewe alikuwa na jicho moja. La pili alilipoteza kwa ajali akiwa na miaka 11 huko Ireland, na ofisi ya makoloni ilimkataa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Yaani aliyetuonyesha ugonjwa huu alikuwa mtu aliyeonekana hafai kuona!

Nina shangazi, mtu wa Kamachumu. Saratani ilimnyang'anya jicho la kushoto. Alitibiwa hospitali moja mbali na nyumbani, akashonwa vizuri, akapewa tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemwambia kitakachofuata. Wiki ya pili jikoni, moshi ulipopanda, aliinua kiganja kulikinga jicho ambalo halipo, maana lilikuwa linawasha. Baadaye ikaja mianga. Usiku, upande uleule wa kushoto, vijidoa vya kijani vikawa vinazunguka kama senene kwenye taa mwezi wa Novemba. Alikaa kimya karibu mwaka. "Ningesema nini, mwanangu? Wangesema nimerogwa, au kichwa kimeharibika." Wengine walishaanza kunong'ona kwa sababu ya kile kiganja.

Kumbe wenzake ni wengi. Watafiti wa Liverpool waliwauliza watu waliotolewa jicho kwa saratani ya ndani ya jicho, na karibu nusu walikuwa na hali hizi. Kuona rangi na maumbo ndiko kulikojitokeza zaidi. Oliver Sacks, daktari na mwandishi mkubwa, alipatwa na saratani ya jicho la kulia mwaka 2005. Jicho lake halikutolewa, lakini sehemu yake ilipokufa aliona ubongo ukiziba pengo kwa kazi yake wenyewe: akitazama anga, pengo linajazwa ubluu. Aliyachora na kuyaandika katika The Mind's Eye, 2010. Kisomeni. Tofauti kati yake na shangazi si ugonjwa. Yeye alijua kinaitwaje, akakitazama kwa udadisi.

Mianga na maumbo hayo kwa kawaida hayadhuru, na kwa wengi hupungua. Maumivu ni jambo jingine. Tundu la jicho likianza kuuma, kuvimba au kutoa damu, usiseme ni jicho hewa ukakaa nyumbani; rudi ukapimwe, saratani huweza kurudi palepale. Shangazi alipopata hatimaye muuguzi wa kumweleza, aliuliza swali moja tu: kama kuna siku senene wale wataonekana wamekaa, wasiruke, awatazame vizuri.