UBATIZO NA KIPAIMARA: KWA NINI VILITENGANA?

Ndugu wahariri waliponiomba niandike jambo la historia katika gazeti letu la wahitimu, nilijua wanatazamia habari za mabweni, mechi za mpira na shamba la shule. Habari hizo wenzangu wataziandika vizuri kuliko mimi. Swali lililonifanya nishike kalamu nilipewa na vijana wa kidato cha tatu siku nilipopita hapa Didia kuwasalimu. Mmoja alisimama akaniuliza, "Shikamoo mzee. Kama ubatizo unatuosha na kutufanya wana wa Mungu, kipaimara ni cha nini tena?" Kabla sijafungua kinywa, jirani yake akamjibu kwamba kipaimara ni cheti cha kumaliza masomo ya dini. Darasa zima likacheka, lakini niliona wengi wao wanakubali.

Jibu hilo la cheti limeenea mno, na si kwa vijana peke yao. Katika parokia nyingi askofu akishaondoka, na pilau ikishaliwa, baadhi ya waliopakwa mafuta hawaonekani tena kanisani mpaka siku ya kutangaza ndoa. Wanajiona wamehitimu. Mimi nasema mawazo hayo hayakutoka katika mafundisho ya Kanisa. Yametokana na historia, hasa na umbali wa maaskofu, na historia hiyo imepita katika nchi yetu hii ya Usukuma. Hebu tuifuate.

Katika karne za mwanzo mambo haya mawili yalikuwa tendo la usiku mmoja. Mtu aliyetaka kuwa Mkristo alifundishwa muda mrefu, mahali pengine miaka mitatu, naye aliitwa mkatekumeni. Usiku wa mkesha wa Pasaka alishuka majini, akapanda, askofu akamwekea mikono na kumpaka mafuta, kisha akapokea Ekaristi kwa mara ya kwanza. Maji, mafuta na mkate vilikuwa mlango mmoja wenye ngazi tatu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunaona tayari kwamba watu wa Samaria walibatizwa na Filipo, halafu Petro na Yohane wakaja kutoka Yerusalemu kuwawekea mikono. Kwa hiyo matendo mawili yalikuwapo tangu awali. Kilichokuja baadaye ni ule urefu wa muda kati yake.

Urefu huo uliletwa na wingi wa watu. Kanisa lilipoenea vijijini, askofu mmoja hakuweza kuwa kila mahali usiku wa Pasaka. Makanisa ya Mashariki yaliamua kwamba padre abatize na kupaka mafuta papo hapo, hata mtoto mchanga, maadamu mafuta yamebarikiwa na askofu. Waorthodoksi wanafanya hivyo mpaka leo. Kanisa la Roma liliamua kinyume chake: padre abatize, lakini mafuta ya mwisho yamngoje askofu, ili kila Mkristo aguswe na mkono wa mrithi wa Mitume. Wazo lenyewe ni zuri. Taabu yake ni kwamba askofu aliyesafiri kwa farasi aliweza kufika kijijini baada ya miaka mingi, na wengine walizeeka wakimngoja.

Sasa watu wakaanza kuuliza swali lile lile la kidato cha tatu. Wahubiri wakajibu kwamba katika ubatizo tunazaliwa, na katika kipaimara tunatiwa nguvu kwa ajili ya vita. Baadaye likaja lile kofi jepesi la askofu shavuni, ambalo wazee wetu wanalikumbuka vizuri sana. Hata jina tulilo nalo katika Kiswahili limebeba maelezo hayo: kipaimara, chenye kumpa mtu uimara. Jina si baya, ila linamfanya asikiaye afikiri juu ya misuli kabla ya kufikiri juu ya Roho Mtakatifu.

Mfano wa umbali huo tunao katika maisha ya Don Bosco. Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 karibu na Castelnuovo, Italia, akabatizwa kesho yake. Kipaimara alikipata mwaka 1833, akiwa na umri wa karibu miaka 18, baada ya kuwa amekwisha kupokea Komunyo miaka mingi. Mwaka 1910 Papa Pius X aliruhusu watoto wa miaka kama saba kupokea Komunyo, na hapo kipaimara kikasukumwa nyuma kabisa mahali pengi, kikawa kama mkia wa safari. Nani asingekiona kuwa cheti cha kumaliza?

Tuje kwetu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Shirika la Wamisionari wa Afrika huko Algiers mwaka 1868, alirudisha ule ukatekumeni wa kale. Aliamuru mtu afundishwe miaka minne kabla ya kubatizwa: miwili akiwa mwombaji tu, na miwili akiwa mkatekumeni. Wengine walimwona mkali kupita kiasi. Yeye aliogopa ubatizo wa haraka haraka ambao ungemwacha mtu peke yake mara mmisionari akifukuzwa au kufa kwa homa, na mambo yalikuja kuonyesha kwamba hofu hiyo haikuwa ya bure.

Wamisionari wake walifika Kageye, kusini mwa Ziwa Viktoria, na kutoka hapo wakavuka kwenda Buganda mwaka 1879. Mwaka 1880 wakabatiza watu wa kwanza huko. Novemba 1882 hali ilipokuwa ngumu wakaondoka, wakarudi upande wetu wa ziwa, na mwaka 1883 wakafungua misioni ya Bukumbi, katika nchi ya Wasukuma. Huko Buganda Wakristo wachache walibaki bila padre hata mmoja mpaka 1885. Hawakutawanyika. Walifundishana wenyewe kwa wenyewe, na idadi ya wanaojifunza ikaongezeka.

Mapadre waliporudi, Karoli Lwanga alibatizwa tarehe 15 Novemba 1885. Miezi sita baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, wakati vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walipojua kwamba asubuhi wataulizwa imani yao, yeye mwenyewe alichukua maji akawabatiza baadhi ya wakatekumeni wenziwe, pamoja na mtoto Kizito. Wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Katika wafiadini wale alikuwamo Mukasa Kiriwawanvu, aliyekuwa bado mkatekumeni, hakuwahi kumwagiwa maji. Naye alitangazwa mtakatifu pamoja na wenzake mwaka 1964.

Nimekaa hapo kwa sababu usiku ule unafundisha maana ya ubatizo kuliko vitabu vingi. Kizito hakuwa na miaka minne ya mafundisho iliyokamilika wala cheti cha kuonyesha, na aliyembatiza hakuwa padre. Lakini ubatizo wake ulikuwa kamili. Kanisa linafundisha kwamba penye haja mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, maadamu anatumia maji, anataja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na ana nia ya kufanya lile ambalo Kanisa hulifanya. Kwa maana katika ubatizo anayetenda ni Kristo. Mtu anakufa na kuzikwa pamoja naye, anafufuka pamoja naye, anaondolewa dhambi ya asili na dhambi zake zote, anakuwa mwana wa Mungu na kiungo cha Kanisa. Na kwa Mukasa, aliyekufa kabla ya maji, Kanisa linasema ubatizo wa damu. Kwa mkatekumeni anayekufa akiutamani, linasema ubatizo wa tamaa. Yule mchimbaji mdogo aliyefukiwa shimoni huku jina lake likiwa bado katika daftari la katekista hakupotea njiani.

Kutokana na hilo linafuata jambo jingine ambalo katika machimbo ya Geita na Kahama, wanakokutana watu wa kila dhehebu, linazua mabishano kila wiki. Ubatizo haurudiwi. Unatia rohoni alama isiyofutika, na hata mtu akiasi miaka thelathini, akirudi hurudi kwa kitubio. Hoja hii ilipiganiwa zamani katika Afrika ya Kaskazini, kule kule Kartago ambako Lavigerie alikuja kuwa Askofu Mkuu. Wadonati walidai kwamba ubatizo uliotolewa na mchungaji mwenye dhambi si kitu. Mtakatifu Agustino akawajibu kwamba ubatizo ni wa Kristo, si wa mchungaji. Ndiyo sababu Mlutheri au Mwanglikana aliyebatizwa kwa maji na kwa jina la Utatu akija kwetu habatizwi tena. Anapokelewa na kupewa kipaimara. Nawajua vijana waliozamishwa mara tatu katika makanisa matatu, na kila mara waliambiwa kwamba sasa ndiyo kweli.

Turudi kwenye umbali. Tangu mwaka 1894 Askofu Hirth, mwenye vikarieti ya Nyanza ya Kusini, alikuwa na Bukoba, Usukuma na Rwanda mkononi mwake peke yake, mpaka Rwanda ilipotengwa mwaka 1912. Mtazame ramani, kisha mniambie askofu huyo angefikaje kwa kila mbatizwa. Mwaka 1946 upande wa mashariki ukatengwa kuwa Musoma-Maswa, nao mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani wakaja. Mwaka huo huo Roma iliruhusu maparoko kutoa kipaimara kwa walio katika hatari ya kufa. Ni kukiri kwamba kungoja kumezidi. Mwaka 1950 Maswa ikasimama peke yake, na mwaka 1956 likapatikana Jimbo la Shinyanga chini ya Askofu Edward McGurkin. Askofu Castor Sekwa akampokea mwaka 1975. Babu yangu mzaa baba alibatizwa akiwa na wajukuu, na alipopakwa krisma wajukuu hao walikuwa wameanza kuoa. Hakuwahi kusema kwamba amehitimu. Alisema, "Leo wamenimalizia kubatizwa." Alikuwa hajui kusoma, lakini ndivyo Kanisa linavyofundisha.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliagiza mwaka 1963 ukatekumeni wa hatua urudishwe, na mwaka 1972 ukatolewa utaratibu mpya wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo. Mwaka 1971 Papa Paulo VI alibadili pia maneno ya kipaimara. Aliyachukua ya Makanisa ya Mashariki, yanayosema kwamba mtu anapokea mhuri, na kwamba anachopewa ni Roho Mtakatifu mwenyewe. Kofi likaondoka. Hata mafuta yalifikiriwa: tangu Desemba 1970 si lazima yawe ya mzeituni pale yanapopatikana kwa shida, yaweza kuwa ya mmea mwingine. Sisi wa nchi ya pamba tulilifurahia hilo.

Kwa sheria ya mwaka 1983 padre anayembatiza mtu mzima anampa kipaimara papo hapo. Kwa hiyo usiku wa Pasaka, katika parokia moja hapa hapa Shinyanga, bibi wa miaka sabini anaweza kupata maji, krisma na Ekaristi kwa saa moja, wakati mjukuu wake aliyebatizwa mchanga amekaa benchi la nyuma akingoja askofu mwaka ujao. Kama kipaimara ni cheti, bibi yule amemaliza darasa gani? Hata mtoto mchanga aliye katika hatari ya kufa anaweza kupewa. Mafundisho wanayopewa vijana kabla yake ni ya lazima na ya maana, bali ni matayarisho ya kupokea.

Neno juu ya majina, maana vijana waliniuliza pia. Sheria ya zamani ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapata jina la Kikristo, na kama wazazi wakikataa aongeze la mtakatifu daftarini. Ndiyo maana akina Kulwa na Doto wote wana Petro na Paulo mbele. Sheria ya 1983 inadai tu jina lisiwe geni kwa maana ya Kikristo. Shija, aliyefuata mapacha, anaweza kubatizwa Shija. Wengi bado wanapenda jina la mtakatifu, nami ni mmoja wao, lakini tusiwaambie watoto kwamba jina la ukoo ni la kipagani.

Na juu ya wasimamizi: sheria inashauri msimamizi wa kipaimara awe yule yule wa ubatizo, ili uhusiano wa sakramenti hizi mbili uonekane. Sisi tumezoea kumtafuta mpya, tena mwenye duka.

Mwisho, wahitimu wanaoniandikia kwamba vyeti vyao vimepotea: msianzie mahali mlipopewa kipaimara. Taarifa ya kipaimara hupelekwa kwa paroko wa mahali ulipobatizwa, naye huiandika pembeni mwa mstari wa ubatizo wako, kama atakavyoandika ndoa yako au upadre wako. Waliobatizwa upande wa Kahama kabla ya jimbo hilo kuundwa mwaka 1983, au Geita kabla ya 1984, waende parokia ile ile ya zamani wakiwa na majina ya wazazi na mwaka. Daftari la ubatizo ndilo litakalofunguliwa kwanza.